Maji ya Mgeni

Miaka ya tisini mtaro wa kiwanda cha nguo ulipita nyuma ya nyumba yetu Chaani. Wakitia nguo rangi nyekundu, mtaro nao huwa mwekundu. Bwana mmoja wa kiwandani akaja kutuambia kwamba hiyo ni rangi tu, haidhuru mtu, na kwamba rangi ikishaingia majini haitoki tena.

Haitoki! Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia. Nilisaga makaa ya vifuu vya nazi, nikayashikanisha na kutu nyeusi ya chuma, ile inayovutwa na sumaku, niliyoitengeneza maabarani, nikautia unga ule katika chupa ya maji ya mtaro na kutikisa. Makaa yakanyonya rangi. Kisha nikabandika ubavuni mwa chupa sumaku ya spika ya redio mbovu, na unga wote ukakimbilia pale ukang'ang'ania. Nikamimina maji. Yalikuwa meupe pe!

Yule bwana aliporudi kutukataza kulalamika, mama alimkaribisha barazani, maana kwetu hata mgeni usiyempenda hupewa maji. Akaniita. "Abee," nikaitika, nikaleta gilasi juu ya sinia.

Yule bwana aliipokea akashangaa, kwani mifereji ya maji ya bomba mtaa mzima ilikuwa mikavu.

"Mmeyapata wapi maji mazuri hivi?"

"Mtaroni kwenu."

Akaitua gilasi kama imemuunguza.

"Kunywa, bwana," nikamwambia. "Si ulisema ni rangi tu? Rangi nimeshaitoa."