Jicho la Darcy Limeanza Kuuma

Saa mbili asubuhi. Darcy Mulquiney, mnyoa kondoo wa miaka hamsini na minne, amembana kondoo kati ya magoti, vumbi la sufu limetanda bandani. Ghafla anazima mashine na kujikuna paji la uso, upande wa kulia.

Banda zima linageuka. Huku Hay, Australia, mtu hamwachi kondoo nusu uchi kabla ya kengele ya chai.

"Mzee, umechoka au umezeeka?" anamtania Shona, mpanga sufu.

"Kuna kitu jichoni, dada. La kushoto!"

Shona anachungulia. Kweli, kipande cha unyasi. Watu wanapiga vigelegele.

Jicho hilo lilikufa ganzi miaka mitatu iliyopita, baada ya ugonjwa wa mkanda wa jeshi. Bandani likageuzwa mchezo: Darcy analigusa kwa unyasi bila kupepesa, wenzake wanamnunulia bia.

"Nilishinda bia kumi na nne," anasema. "Na kidonda nisichokisikia."

Daktari wa macho yuko kilomita mia saba. Wakubwa wanaopanga hayo hawajawahi kulila vumbi hili. Miezi saba Darcy alipewa matone tu na kuambiwa asubiri, kidonda kikila kioo cha jicho.

Hatimaye, Sydney, daktari mpasuaji alichukua mshipa wa fahamu wa paji la kulia, akaupitisha chini ya ngozi, juu ya pua, akazitandaza ncha zake kuzunguka kioo cha jicho bovu. Mshipa huota taratibu. Darcy alingoja miezi kumi. Ndiyo maana jicho la kushoto likiguswa, yeye hujikuna paji la kulia.

"Waya zimepishana," anacheka, "lakini simu inaingia."

Kope yake bado imeshonwa nusu, kulikinga jicho. Mwezi ujao, huko Sydney, litapimwa kwa kuguswa na uzi mwembamba. Likihisi vya kutosha, kope itafunguliwa. Lisipohisi, itabaki hivyo, na kidonda kingine kinaweza kulipofusha.

Mkewe, Lorna, ana kipimo chake mwenyewe.

"Vitunguu vyote nyumbani hukata yeye," anasema. "Jicho moja linalia, la pili linamtazama tu mwenzake."

"Nikitoka Sydney, mama, niwekee kilo nzima," Darcy anamjibu. "Nataka yalie yote mawili. Halafu kisu nakurudishia."