Tarumbeta Kwenye Misa ya Kimya

Majirani walimwita Tarumbeta, naye hakukasirika. Sauti ile alipewa na Mungu, na Mungu hakumpa kitufe cha kuipunguzia. Aliimba akimpima mteja kiuno, aliimba akipiga pasi, aliimba akiitafuta sindano iliyomponyoka, na cherehani yake ya miguu ikamwitikia. Kanisani kwao, kwa Waprotestanti wa mapambio na makofi, mchungaji alimwomba akae nyuma ili na wengine wasikike.

Mtu mmoja tu aliweza kumnyamazisha: wifi yake. Kaka yake Tarumbeta, fundi viatu, alipooa aliifuata dini ya mkewe akawa Mkatoliki, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyewashona pamoja wanawake hawa wawili. Sasa fundi viatu amezikwa. Tangu mazishi, wifi hujibu "sijambo" na kurudisha mlango. Juu ya kitanda chake kulikuwa na sanduku wazi, limejaa nusu, kwa kuwa dada zake walimtaka arudi kwao. Tarumbeta aliliona sanduku lile, akarudi kazini akashona mkono wa gauni nje ndani.

Kwa hiyo wifi aliposema, "Jumamosi kuna misa ya kumwombea. Ya kizamani, ile aliyoipenda. Ukitaka, njoo," Tarumbeta alilidaka hilo "njoo" kwa mikono miwili.

Akajiandaa. Kwao mgeni haingii ibadani akatoka hivi hivi. Husimama, hutoa salamu, huulizwa kama ana wimbo. Wenyeji wasipomsimamisha wamemdharau. Yeye asiposimama amewadharau wao. Akatayarisha salamu, maneno machache ya kumsifu kaka yake, na wimbo wa beti nne, ambao aliukata ukabaki beti tatu kwa kuwahurumia Wakatoliki.

Kanisa lilikuwa na ubaridi na harufu ya ubani. Mlangoni wifi akamtandika shela nyeusi kichwani.

"Nifanyeje?" akanong'ona Tarumbeta. Mzee wa safu ya tatu akageuka kwa mnong'ono ule.

"Nikipiga magoti, piga. Nikisimama, simama."

"Na kuimba?"

"Wifi, we nyamaza tu na Mungu."

Padre akaingia na vazi jeusi, akawapa mgongo, akaanza kusema Kilatini akiielekea altare. Tarumbeta hakuambulia neno. Mwanzoni aliudhika: mtu gani huyu anayewapa wageni kisogo? Halafu akaona kuwa wifi naye anatazama huko huko, na mzee, na kila mtu, na hasira ikampoa.

Kengele ikalia. Watu wote wakapiga magoti. Padre akainua mkate wa hostia, kengele. Akainua kikombe, kengele. Kisha kukawa kimya.

Hakikuwa kimya cha mtu aliyesahau neno. Kilikaa. Kikakaa tena. Tarumbeta akaanza kutoka jasho, maana kwao kimya cha namna hiyo kina maana moja tu: mgeni anangojwa, na mgeni anaona haya. Akamtazama wifi; amefumba macho. Maskini, uchungu umemzidi, hawezi kunitambulisha. Na watu wazima wote hawa wako magotini wananisubiri mimi!

Akasimama. Akasafisha koo.

"Bwana asifiwe!"

Sauti ikapanda darini, ikazunguka nguzo, ikarudi peke yake. Mabega ya padre yakaruka, yakatulia, akaendelea. Wifi akamvuta sketi. Tarumbeta akashuka magotini, uso unawaka moto. Kando yake wifi amejiinamia, anatikisika. Nimemliza, akawaza, kwenye misa ya mumewe. Lile sanduku nimelifunga mimi, kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakuwa tena na salamu wala beti. Alibakiwa na jina la kaka yake tu, akalisema moyoni, akalirudia. Na kimya kile alichokidhania kitupu akakikuta kina nafasi ya kaka yake mzima, pamoja na gundi yake na kikohozi chake.

Uani, baada ya misa, hakuthubutu kuinua macho.

"Nisamehe, wifi yangu. Nilidhani nangojwa."

Wifi akavua shela. Macho yalikuwa mekundu, naye alikuwa anacheka, anacheka hata anashika ukuta.

"Padre umemrusha! Na yule mzee, si akaitika 'Amina,' halafu akajiziba mdomo!"

"Mbona sikumsikia?"

"Utamsikia wapi, na wewe bado unavuma darini? Kaka yako angekuona angekufa mara ya pili."

Neno hilo likawakata wote wawili. Kicheko cha wifi kikageuka kilio, kile kilio chenyewe ambacho hata makaburini hakikutoka. Tarumbeta akamkumbatia.

Walipokuwa wakienda nyumbani, wifi akasema, "Dada zangu wanakuja Jumatatu kunichukua."

"Najua."

"Nitawaambia wasije." Akapangusa pua kwa shela. "Na kesho nakuja kwenu ibadani. Ila sisimami, Wifi. Nakwambia mapema."

"Utasimama. Nitasimama na wewe."

"Sasa si afadhali nisimame peke yangu!"

Tarumbeta akacheka mpaka mbwa wa nyumba ya pili akabweka.