Niliwaoshea Warumi Vyombo

Shule ilitaka kila mmoja wetu akafanye kazi mahali kwa wiki moja, arudi na fomu yenye saini. Bila saini, unarudia sayansi na watoto wa darasa la chini. Mimi sayansi ilikuwa imeshanichoka, kwa hiyo fomu ile ndiyo iliyobaki kuniokoa.

Nikapelekwa maabara ya chuo kimoja hapa Doha, wanakochunguza vigae vya vyungu vya Warumi wa kale ili wajue vilipikiwa nini. Daktari aliyenipokea, mama mmoja Mkenya mwenye haraka zake, alinieleza kwamba udongo hunywa mafuta ya chakula, hayatoki karne na karne. Akaniwekea kigae chenye ukoko mweusi. Simu ikalia.

"Nitayarishie hiyo, nakuja."

Sasa, kwetu mtaa wa Najma, mama yangu wa Kitanga akisema umtayarishie chungu, anataka king'ae. Nikavaa glavu kama mtaalamu, nikakisugua kigae kwa sabuni ya limau mpaka ukoko wote ukaenda na maji. Nikajisifu: Warumi wamelaza vyombo miaka elfu mbili, mimi dakika tano tu!

Daktari akarudi. "Wewe kijana, ukoko iko wapi?"

"Nimeutoa, daktari. Ulikuwa mbishi, lakini nimeuweza."

"Umeosha?"

"Na sabuni."

"Ati na sabuni!" Akavuta kiti, akakaa.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba ukoko ule ndio uliokuwa kazi yenyewe. Nikaiona fomu yangu ikipeperuka. Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasema, "Nilidhani kuna wageni."

Hakucheka. Alikigeuzageuza kigae kwa muda mrefu.

"Ya juu umemaliza," akasema. "Ya ndani bado iko, tutatoboa. Na hiyo sabuni ilete, tuipime pia, tusije tukaandika Warumi walipika na limau."

"Samahani, daktari," nikasema, safari hii bila utani.

Basi siku zangu zote zilizobaki, kwenye mashine ya kuchunguzia historia ya binadamu, nilipima sabuni ya vyombo.

Alhamisi, mwisho wa wiki ya kazi huku, akasaini fomu. Penye "ujuzi aliouonyesha" aliandika: Anaosha vyombo vizuri sana.

Mama aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, huyu daktari kakuchanganya na nani?"