Korongo Aliyekosa Utulivu

Nyumbani walimwita Mama Tikisa, na wala hakuwa na mtoto wa jina hilo. Jina lilitokana na mikono yake. Akiingia mahali, kabla hajaketi, lazima akitikise kiti. Kwenye harusi ya mdogo wake wa kuzaliwa walimkuta nyuma ya hema, gauni limeingia matope, anavuta kamba moja baada ya nyingine kuona kama zimekaza. Alikuwa mhandisi wa majengo, na mama mkwe wake aliapa kwamba siku ya kuzikwa mkwewe huyo angeuliza kwanza kaburi limejengwa na nani.

Mdogo wa mumewe alikuwa mchonga sanamu. Siku aliyopewa kazi ya kupamba mzunguko wa barabara mbele ya stendi ya mabasi, alikuja mbio na mchoro: korongo wa chuma, mrefu kupita nguzo za taa, shingo juu kama anayeulizia mvua, amesimama kwa mguu mmoja.

"Mguu mmoja, shemeji?"

"Nikimpa wa pili, huyo si korongo tena. Ni meza."

Mama Tikisa alihangaika na mguu ule mpaka mumewe akaanza kuuonea wivu. Akapiga hesabu za dhoruba kali kuliko zote zilizowahi kuukumba mji. Msingi wa zege ukashuka chini kuliko kimo cha mtu, bomba la mguu likaongezwa unene, naye shemeji akanuna kidogo kisha akakubali.

Korongo akasimamishwa. Dhoruba ya kwanza ilipokuja, mhandisi alikuwa pale pale pembeni mwa barabara, mwavuli umepinduka, maji yanamchuruzika mgongoni. Ndege hakutikisika hata unyoya. Siku hiyo Mama Tikisa alikula akashiba.

Basi ikaja alasiri moja ya upepo mdogo, ule wa kukausha nguo kambani. Shingo ya korongo ikaanza kuitikia. Ikaenda huku, ikarudi kule, taratibu, na bomba likatoa mvumo kama wa mtu anayeimba amefumba mdomo. Watu waliokuwa wakingoja mabasi wakaacha mizigo.

"Jamani, anapumua!"

Tangu hapo ikawa shughuli. Maharusi walikuja kupigwa picha chini yake. Shemeji akawa hawezi kuvuka barabara bila kusalimiwa na watu asiowajua, na alivimba kichwa, haki yake.

Mama Tikisa chakula kikakataa kushuka. Alijua kinachotokea. Upepo unapopita kwenye kitu cha mviringo hukiponyoka kushoto, kisha kulia, kwa zamu, na ukipata mwendo unaolingana na wa kitu chenyewe hukisukuma kama mtu anayesukuma bembea. Dhoruba huja na kelele zake ikapita. Huu mdogo hauchoki. Yeye alijiandaa kwa mgomvi, akamsahau mchokozi.

"Lakini si amesimama?" mumewe alimuuliza.

"Chukua waya, uupinde huku, uupinde kule. Endelea tu. Nini kitatokea?"

Mumewe akaweka kijiko chini.

Shemeji alipoambiwa, alipandisha sauti. "Kitu pekee watu wanachokipenda ndicho unachotaka kukiua?"

"Watu wenyewe wanakaa chini yake, shemeji."

"Una ushahidi gani?"

Hakuwa nao. Akamwita fundi aliyechomelea mguu, wakakwangua rangi kwenye kifundo, juu kidogo ya zege. Wakapaka maji mekundu yanayopenya kwenye ufa wowote, wakafuta, wakapuliza unga mweupe juu yake. Shemeji alisimama kando, mikono kifuani. Wakangoja. Ndani ya weupe ule ukachomoza mstari mwekundu, mwembamba kama mkwaruzo wa paka, ukarefuka polepole huku wanautazama.

"Mimi nilichomelea vizuri," fundi alisema.

"Ulichomelea vizuri sana. Hesabu zangu ndizo zilizokuwa nusu." Mama Tikisa aliyasema huku akimtazama fundi usoni. Alipogeuka, shemeji alikuwa ameshaondoka.

Watu wakazuiwa kupita pale. Kifundo kikachomelewa upya na kuongezwa vipande vya kukishikilia. Kisha wakafungua kichwa cha korongo, wakaning'iniza ndani ya shingo mnyororo mzito uliovikwa mpira wa tairi kuukuu. Shingo ikitaka kwenda, mnyororo unachelewa, unagonga ukuta wa bomba na kuuvunja ule mwendo.

Upepo wa alasiri ukaja. Korongo kimya. Watu waliinua simu, wakangoja, wakazishusha.

"Mmemfanya nini?" muuza matunda alimfokea. "Alikuwa hai huyu!"

Mhandisi alinunua machungwa asiyoyahitaji, akaenda zake.

Shemeji akapotea. Jumapili zikapita, mama mkwe akiandaa sahani yake na kuirudisha kabatini, na sahani ile safi ilimchoma mkwe kuliko matusi. Kila upepo ulipovuma Mama Tikisa aliinuka mezani, akaenda kumtazama ndege, akarudi chakula kimepoa.

Jumapili moja shemeji akaingia, karatasi kwapani. Hakuomba radhi wala kudai. Alinawa, akala, akaongezwa, akala tena.

"Nilipita pale," alisema mwisho. "Nikaweka sikio mguuni. Kuna kitu kinatembeatembea ndani, kama mtu anayetafuta funguo."

"Kinagonga kwa nguvu?" Mama Tikisa tayari alikuwa anavaa viatu.

"Kaa, shemeji. Nimekipenda." Akakunjua karatasi kati ya sahani. Alikuwa samaki, mkubwa wa kutisha, amesimama kwa ncha ya mkia. "Huyu sijamkatia hata chuma kimoja. Nimeanza kwako."

Mama Tikisa aliutazama mkia ule, akasukuma sahani kando.

"Mungu wangu," alisema. "Nipe penseli."