Meza ya Kiwanda cha Karatasi

Huku kwetu Nyaramba, kijana akitaka kuoa huletwa kwangu kwanza. Si kwa sababu nimesoma. Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuchuma chai ya watu. Huletwa kwa sababu ninakumbuka majina. Nikitajiwa baba ya msichana, ninasema babu yake alikuwa nani, alioa wapi, na kama kuna damu kati ya nyumba hizo mbili. Lakini hapa sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Wengi wako hai, na mambo yenyewe hayana raha.

Mjukuu ninayemsimulia nilimlea mimi. Baba yake, mwanangu, alikufa mapema, na mama yake akaolewa kwingine. Mwaka wa mambo haya kijana alikuwa anamaliza chuo kikuu, akisomea kemia ya viwandani. Tayari alikuwa na mke na mtoto mchanga. Msichana mwenyewe ni wa upande wa Nyamarambe. Nilizichunguza zile nyumba mbili mimi mwenyewe, nikaona ni safi, na ng'ombe tukapeleka.

Kwetu bibi na mjukuu wanataniana bila mpaka. Mimi nilimwita mume wangu, naye akaniita mke wake mkubwa.

Basi kukawa na mkutano wa kazi mjini Kisii, katika ukumbi wa hoteli. Wenye viwanda vya karatasi, vya katoni na vya mifuko ya kaki walikuja kuonana na wanafunzi wa chuo, wawaeleze kazi zilivyo na kuwatazama. Kiwanda kimoja kilisema kitachukua vijana wawili kutoka mkutano ule ule, wafundishwe mwaka mzima kwa malipo, na atakayefanya vizuri aajiriwe. Mjukuu wangu alilala na jambo hilo na kuamka nalo. Wenzake waliomtangulia chuoni nilikuwa nawajua mmoja mmoja: huyu anaendesha boda boda, yule anachuma chai, mwingine amekaa kwa mama yake anatazama ukuta. Yeye alikuwa na mtoto wa kulisha na hakuwa na mjomba wa kumwingiza kazini mahali popote. Nafasi ilikuwa hiyo.

Siku hiyo mimi nilikuwa na kliniki ya presha mjini. Nilipomaliza, alikuja kunichukua mwenyewe, amevaa koti la mitumba lililomkaa vizuri na tai ya kuazima. Hakutaka nimsubiri kwenye jua.

"Utakaa nyuma kabisa," akaniambia. "Na usikorome, mke wangu. Utaniaibisha."

"Nikikoroma watajua umeoa kizee. Watakuhurumia wakupe kazi."

Akacheka. Niliingia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Mbele kulikuwa na mabunda ya karatasi makubwa kama mapipa, na meza zenye vitambaa vyeupe, kila kiwanda na yake. Vijana walikuwa wengi, na viatu vilikuwa vinawabana, niliona wanavyobadilisha miguu.

Mwenye kuongoza mkutano alikuwa mtu wa kwetu, mwenye sauti. "Hapa hakuna kujuana," akasema. "Ukiwa na ndugu kwenye meza yoyote, jiondoe mwenyewe. Tukigundua baadaye tunakufuta." Watu wakapiga makofi. Mjukuu wangu alipiga kuliko wote, maana hakuwa na mtu.

Kisha akamsimamisha mama mmoja mrefu, aliyevaa suti ya kijivu. Huyo ndiye aliyekuwa anachagua vijana wa kile kiwanda cha nafasi mbili. Akasema huyu ni binti yetu wa Nyamarambe, tena, kama ilivyo desturi yetu Wakisii, akawataja baba yake na babu yake.

Mimi nikajua papo hapo. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya ujombani kwa mke wa mjukuu wangu. Mama mzazi wa mke wa mjukuu wangu ni dada yake, tumbo moja. Huyu alichukuliwa mdogo akalelewa Nairobi, na siku ya mahari alikuwa nje ya nchi. Hakuwahi kumwona kijana wetu, wala kijana hakuwahi kumwona.

Mjukuu akaniinamia. "Na huyu je, mke wangu? Unamjua pia?"

"Namjua."

"Ni nani?"

"Ni mama mkwe wako."

"Wacha mzaha."

"Kwa ukwe sifanyi mzaha. Ni mdogo wa mama ya mke wako." Nikamweleza nyumba yote. Akasimama wima.

Kwa asiyetujua, sisi Abagusii, yaani Wakisii, tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwanamume hashiki mkono wa mama ya mke wake. Hamkazii macho. Hali chakula mahali mama huyo anapokula. Na dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe. Vijana wa mjini wameliacha jambo hili, na hata kanisani kuna wanaosema limepitwa na wakati. Kwangu halijapitwa. Mtoto huyu alikua akiniona nikikatiza ndani ya migomba ili nisikutane njiani na mume wa binti yangu.

Watu wameniuliza mbona sikunyamaza. Aliniuliza, ndiyo sababu. Na kama angeushika mkono wa mama yule, siku moja angejua, na wakwe wangejua kwamba nilikuwa nimekaa pale nikitazama.

"Nenda umwambie," nikamwambia.

"Nimwambie nini, Magokoro?" Hapo aliniita bibi kwa lugha yetu, hakuwa anatania tena. "Umesikia huyo anayeongoza alivyosema. Nikisema ni mkwe wangu, ninafutwa. Nisiposema, nitasimama mbele yake kama nani?"

Rafiki yake wa darasani alikuwa karibu, anasikia yote. "Buda, mkono ni mkono tu. Shika, sema ndio madam, mambo iishe."

"Wewe huna mke," mjukuu wangu akamjibu.

Ikaja saa ya chakula. Wale wakubwa waliketi na wanafunzi meza moja, wakila na kuwauliza maswali, na hivyo ndivyo walivyokuwa wanachagua. Mjukuu wangu alipoitwa kwenye meza ya mama yule, alienda. Mama yule aliinuka akanyoosha mkono. Kijana wangu akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, kichwa chini, akasalimu sakafu. Mkono ukabaki hewani. Mama akaurudisha, akanyoosha nao kitambaa cha meza, kama vile hicho ndicho alichokuwa ametaka kufanya.

Kijana akaketi, akaacha kiti kimoja kati yao. Sahani ikaletwa, hakuigusa. Maneno yao sikuyasikia. Niliambiwa baadaye na yule rafiki, aliyekuwa meza hiyo hiyo. Mama alimuuliza jinsi vipande vya mbao vinavyochemshwa mpaka viwe rojo, na uchafu wa maji unavyoondolewa. Alijibu yote, tena vizuri, lakini alikuwa anaiambia chumvi ya mezani.

Kisha mama akaweka uma chini. "Una shida ya kufanya kazi chini ya mwanamke?"

"Hapana."

"Basi niangalie ukinijibu."

Pale nyuma nilimwona anajaribu. Shingo iliinuka kidogo, ikarudi chini. Akasema samahani, akainuka, akatoka nje kupitia mlango niliokuwa nimekaa karibu nao, akiacha sahani yake imejaa.

Tulishuka mpaka steji ya matatu. Alikuwa amenibebea dawa zangu. Tulipofika tu ndipo akasema, "Nimeharibu." Nikapokea dawa zangu, tukapanda gari.

Wawili walichukuliwa. Mmoja ni msichana wa Nyamira, mama yake namjua, ni mjane. Simwonei wivu.

Mjukuu wangu alimaliza chuo. Alituma maombi kila kiwanda cha karatasi alichokijua, na hakuna hata kimoja kilichomwita. Siku hizi anakata mikaratusi bondeni kwa msumeno wa injini, wanaume wa lori wananunua nguzo na kuni za viwanda vya chai. Anarudi ananuka petroli na masikio yanavuma, nikimwita hasikii. Mke wake alirudi kwao msimu mmoja, kisha akaja tena. Utani wetu umepungua. Nikimwita mume wangu anaitika tu.

Halafu mama mkwe wake, yule aliyemzaa mke wake, akafa. Tulienda Nyamarambe kuzika. Wakwe waume walikuwa wamewekewa hema lao pembeni. Yule mama wa suti alikuwepo, sasa amejifunga leso kama wafiwa wengine. Nilimwona anatazama kule hemani muda mrefu, naye mjukuu wangu alipoona anatazamwa akazunguka nyuma ya tangi la maji. Mama akaja akachuchumaa karibu nami.

"Mama, yule kijana aliyeenda nyuma ya tangi ni nani?"

"Mkweo. Ndiye aliyemwoa binti ya marehemu."

"Kuna mahali nilimwona."

"Kisii. Mkutano wa karatasi."

Akakaa chini kabisa, kwenye nyasi. "Alikuwa anajua?"

"Alijua siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Kwa nini hakusema?"

"Mlisema mwenye ndugu atafutwa."

"Angeondolewa mezani kwangu tu. Ningempeleka kwa mwenzangu amwulize yeye."

"Hayo hamkuyasema."

Alivuta nyasi, akazikatakata. "Mama, niliandika kwamba anadharau wanawake. Na sisi watu wa viwanda tunaulizana. Waliponiuliza juu yake, niliwaambia hivyo hivyo."

Nikamwambia mdomo uliokosea ndio huo huo unaoweza kurekebisha. Akatikisa kichwa. Kiwanda kilipunguza watu, na yeye alikuwa miongoni mwao. Anaowajua wengi nao wametoka. Hakuna anayempigia simu kumuuliza juu ya mtu. Akajifuta uso kwa leso. "Mwambie..." akaanza, kisha akasema, "Hapana, usimwambie kitu." Akaitwa jikoni akaenda.

Lakini tukiwa njiani kijana aliniuliza mama yule alikuwa anataka nini, na mimi nikiulizwa ninasema. Nilimwambia yote. Nilidhani atakasirika, au atalia, maana alipokuwa mdogo alikuwa mwepesi wa kulia.

Aliniuliza jambo moja tu, kama maneno yale ya dharau bado yako huko viwandani, au yaliondoka na wale waliofutwa kazi.

Nikamwambia sijui. Kesho yake aliwasha msumeno uani kuujaribu, akauzima, akaubeba begani akateremka bondeni.