Upepo wa Gari la Baba

Juzi pale Nyakato nilimsikia fundi akipaza sauti, "Pampu! Shikilia!" nikanusa tena maji ya sabuni.

Nilipokuwa mdogo, oili ya breki ilikuwa imeadimika. Fundi Shabani alifunga busta ya lori, kile kifaa cha kusukuma breki, kwenye gari kuukuu la baba, akajaza maji ya sabuni badala ya oili. Baba alipampu asubuhi nzima, pedali ikazidi kuzama.

Fundi akamwambia baba, "Mwalimu, gari bado ina upepo. Hivi inauaga."

"Mama watoto ananisubiri hospitali Bunda. Nitaenda polepole."

Leo najua ni hewa iliyonasa kwenye paipu za breki. Mimi nilidhani ni upepo wa ziwani, nikazunguka gari nikipandisha vioo vyote.

Jioni watu walilikuta gari Kiabakari, kabla ya kufika Bunda, limepinduka na baba ndani. Kioo kimoja tu kilikuwa kizima, kimefungwa vilevile nilivyokiacha.