Mstari wa Mzee Odell

Mzee Odell Pruitt amechora mistari ya uwanja wa chuo chetu, hapa Alabama, miaka ishirini na tisa. Huvuta uzi, hupiga magoti, hupaka rangi nyeupe, na mpira wetu huu wa helmeti haujawahi kuchezwa kwenye mstari wake uliopinda.

Jumamosi tulichapwa vibaya. Jumapili Kocha Hollis akafukuzwa. Jumatatu asubuhi akaja kuuaga uwanja, akamkuta Odell kapiga magoti.

“Kocha, eti watakulipa dola milioni ishirini na sita?”

“Ndiyo, mzee wangu. Mkataba ndivyo unavyosema.”

“Ufanye nini?”

“Nikae nyumbani.”

Odell akavua kofia kama kaingia kanisani. “Mungu wangu! Lile jengo jipya la wachezaji, lenye maporomoko ya maji ndani, nililishangaa wiki nzima. Kumbe nilikuwa sijaona kitu!”

Kocha alipoondoka, mzee akaendelea kupaka rangi huku akimsindikiza kwa macho, na mstari ukapinda. Mimi mkata nyasi nikamkimbilia na kitambaa aufute.

“Uache,” akaniambia, akiukodolea macho. “Tuone na mimi watanilipa ngapi nikae nyumbani.”